Chungu cha Sungura Katika Vijiji vya Uingereza

Msafiri apitaye mashamba ya Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, huona mashimo ya sungura chini ya nyua za miiba. Mnyama huyu aliwahi kuokoa nyumba nyingi.

Tangu Machi 1940 hadi Julai 1954, nyama iligawiwa nchini humo kwa kipimo. Sungura hakuwamo katika kipimo hicho. Hivyo familia nyingi, zikiwamo za askari waliokuwa vitani, zilimfuga nyuma ya nyumba kwa majani na maganda ya mboga.

Lakini sungura mmoja hashibishi watu sita, tena nyama yake haina mafuta. Hapo mama wa nyumbani alionyesha akili. Vipande hupakwa unga na kukaangwa kwa vitunguu. Huongezwa karoti na maji, vikatokota polepole saa moja na nusu. Kisha hukandwa madonge: unga wa ngano wenye bekingi poda sehemu mbili, mafuta ya figo ya ng'ombe yaliyokatwakatwa sehemu moja, chumvi na maji kidogo. Huwekwa juu ya mchuzi, chungu kikafunikwa dakika 20 bila kufunuliwa.

Mwaka 1953 maradhi yaliingia Kent, yakaua sungura wengi wa porini. Mapishi hayakufa: kidogo kikipikwa kwa akili hutosha wote.