Bibi Harusi Mrefu, Bwana Harusi Mfupi: Tatizo Liko Wapi?

Picha moja tu ya uchumba, iliyopigwa ufukweni Bagamoyo, ilimkosesha usingizi dada mmoja wa Dunda. Yeye ni mrefu, mwili umejaa kisawasawa. Mchumba wake, fundi wa kuchonga milango, anamfika begani. Picha ilipopanda Instagram maneno yakaanza: "Huyo mume au mdogo wake?" "Shemeji atahitaji ngazi!"

Utani ukaingia mpaka ndani. Shangazi wa kijana akauliza bila kificho, "Mwanangu, wanawake wameisha pwani yote hii?" Dada akasikia. Tangu siku hiyo viatu virefu akaviweka uvunguni, akitembea na mwenzake anainamisha mabega, na chakula cha usiku anakikimbia ili apungue. Wiki mbili kabla ya mahari akamtumia meseji: "Tafuta wa saizi yako."

Wengi watasema ndiyo asili, mwanaume lazima awe mkubwa. Asili ipi? Mwaka 2009 watafiti Rebecca Sear na Frank Marlowe walichapisha utafiti kuhusu ndoa za Wahadzabe, wawindaji wa hapa hapa Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi. Waliangalia urefu, uzito, hata nguvu za mikono. Wakakuta mwili hauamui nani aoane na nani. Wake waliowazidi waume zao urefu walikuwepo, kwa kiwango kile kile ambacho kingetokea kama watu wangeoana kwa kupiga kura tu.

Na si kwamba Wahadzabe hawana macho. Utafiti mwingine, wa 2007, ulionyesha wanapenda sura ambayo upande wa kulia na wa kushoto vinalingana, tena kuwazidi Waingereza walioulizwa swali hilo hilo. Ila jicho kupenda ni jambo moja, kuchagua wa kuishi naye ni jingine.

Kijana hakujibu meseji. Alipanda bodaboda usiku ule ule, akamkuta dada barazani na mama yake. Akaamkia, kisha akasema: "Milango ndiyo naipima kwa futi. Wewe sijawahi kukupima."

Mama akacheka, dada akalia.

Mahari imepokelewa. Picha haijafutwa, na viatu virefu vimetoka uvunguni. Na wewe unayecheka, wa kwako umemchagua kwa macho yako au ya watu?