Kusoma na Kuandika Katika Meza Moja

Watu wengi hudhani ya kuwa intaneti haiwezi kusomwa ila kwa kivinjari chenye picha, rangi na matangazo. Mimi napenda kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu, wanafunzi, walimu na wazazi, njia nyingine ambayo baadhi yetu wa Kidato cha Nne tumeitumia muhula huu. Nayo ni kusoma kurasa za intaneti ndani ya programu ya kuandikia.

Programu yenyewe yaitwa Emacs. Ya kwanza yenye jina hilo ilitengenezwa mwaka 1976 katika chuo cha MIT, huko Marekani; na hii tunayoitumia sisi, GNU Emacs, ni kazi aliyoianzisha Richard Stallman, ikatolewa mwaka 1985. Haiuzwi, hupatikana bure. Kazi yake kubwa ni kuandika, lakini tangu toleo la mwaka 2014 imo ndani yake sehemu iitwayo EWW, ambayo huleta kurasa za intaneti. Kipanya hakihitajiki. Wabonyeza Alt pamoja na x, waandika eww, wabonyeza Enter, kisha waandika anwani au maneno unayoyatafuta. Kwa Tab waenda kwenye kiungo kinachofuata. Kwa herufi l warudi ulikotoka. Na kwa R kubwa, mapambo ya pembeni huondoka yakabaki maandishi yenyewe.

Sababu ya kuitumia ni hii. Kompyuta zetu ni za zamani, nasi tu wengi. Kila mmoja hupata nusu saa tu siku ya Jumamosi. Vivinjari vya siku hizi huzilemea mashine hizo, na picha na video humaliza bando upesi. EWW haiendeshi zile programu ndogo za JavaScript zinazopachikwa ndani ya kurasa, na Mwalimu wetu wa kompyuta alizizima picha kwa amri moja. Basi hubaki maandishi matupu, nayo huja haraka. Mwenzangu mmoja alipoyaona alicheka sana, akauliza, "Ndugu yangu, hii ni intaneti au ni daftari la stoo?"

Lakini faida niliyoiona mimi ni kubwa kuliko haraka hiyo. Katika Emacs kioo chaweza kugawanywa mara mbili: juu ukurasa unaousoma, chini maandishi yako mwenyewe. Muhula huu nilikuwa nikitayarisha insha ya Historia juu ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Ukurasa mmoja ulisema waliokufa walikuwa 75,000, hesabu ya serikali ya Wajerumani. Mwingine ulitaja hata 300,000. Nikaziweka kurasa hizo mbili moja baada ya nyingine, na chini yake nikaandika swali: mbona zapishana hivi? Jibu lilipatikana katika kusoma tena polepole. Mashamba na maghala yalichomwa moto, njaa ikafuata, na watu wengi walikufa kwa njaa wala si kwa risasi. Hiyo ndiyo ikawa hoja ya insha yangu. Nusu saa ilipokwisha niliondoka na maandishi ya mkono wangu, siyo na kichwa kilichojaa vitu visivyo na mpangilio.

Tena jambo hili si geni. Tim Berners-Lee alipotengeneza kivinjari cha kwanza mwaka 1990, huko CERN karibu na Geneva, alikifanya kiwe cha kusomea na cha kuandikia pia. Mwaka 1993 kilitoka Mosaic kutoka Chuo Kikuu cha Illinois, kikaonyesha picha katikati ya maneno, watu wengi wakakipenda. Lakini hicho hakikuwa cha kuandikia. Tangu hapo wengi wetu tumezoea kuwa watazamaji.

Sisemi kwamba njia hii haina kasoro. Kurasa nyingi za leo hufunguka zikiwa tupu kwa sababu zategemea JavaScript. Video haichezi, na ramani za kusogezasogeza hazionekani. Mwanafunzi wa Jiografia atahitaji kivinjari cha kawaida. Kadhalika, kunakili ni rahisi mno, kwani ukurasa na insha vimekaa jirani. Kwa ajili hiyo nimejiwekea sharti: nikimaliza kusoma fungu, naufunga ukurasa kwanza, ndipo naandika nililolielewa. Nikishindwa kuandika, najua kwamba sikuelewa, nami naufungua tena.

Wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza, mtakapopata zamu yenu katika chumba cha kompyuta, msiulize tu mtaona nini. Ulizeni mtatoka na nini. Hata asiye na Emacs aweza kuweka daftari na kalamu kando ya kompyuta, akapata faida ileile. Nanyi wazazi, mtoto anapoomba bando wakati wa likizo, mwulizeni baadaye awaonyeshe alichokiandika. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na elimu nayo ni mali.