Boliti Ngumu na Msasa: Barua kwa Mpwa Aliyeko Minnesota

Mpwa wangu mpendwa,

Ujumbe wako umefika pamoja na picha za bunduki uliyonunua kwa ajili ya msimu wa kulungu: Mauser M48, iliyoundwa Kragujevac enzi za Yugoslavia. Unasema boliti ni ngumu, inakwaruza ikivutwa, na kwamba msasa na pesti ya kusagia vali viko tayari mezani. Mjomba wako, aliyezeekea karakana akichonga vyuma na kufungua bunduki za kampuni za uwindaji, anakuomba uvirudishe kabatini vyote viwili mpaka barua hii iishe.

M48 inatokana na Mauser ya 1898, kazi ya Paul Mauser wa Oberndorf, iliyopokewa na jeshi la Ujerumani mwaka huohuo. Boliti yake ina masikio mawili mbele, yanayogeuka na kujifunga ndani ya mwili wa bunduki nyuma tu ya mtutu, na sikio la tatu nyuma kwa ajili ya dharura. Baruti ikiwaka, masikio yale mawili ya mbele ndiyo yanayobeba kishindo chote ili kisije usoni kwa mpigaji. Mauser alijua gharama ya kishindo hicho. Mwaka 1901 bunduki ya majaribio ilimlipukia, akapoteza jicho.

Watu wa Tanga waliijua bunduki hii mapema. Novemba 1914, Waingereza walipoishambulia Tanga, askari wengi wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, bado walikuwa na Mauser za 1871, zenye baruti nyeusi ambayo moshi wake unamfichua mpigaji. Aprili 1915 meli iitwayo Rubens, huku ikifukuzwa na manowari ya Kiingereza, ilikimbilia Ghuba ya Manza, kaskazini mwa mji, ikiwa imebeba bunduki za 1898 na shehena kubwa ya risasi. Ilipigwa mizinga ikazama kwenye maji ya kina kifupi. Mzigo ukaopolewa, na risasi zilizoingiwa na maji ya chumvi zikafunguliwa, zikakaushwa na kusafishwa, ndipo zikatumika. Kazi ya kwanza ilikuwa usafi, na kwa M48 yako ni hiyohiyo.

Bunduki za namna yake zilikaa miaka mingi ghalani zikiwa zimepakwa kosmolini, grisi nzito kama nta inayozuia kutu. Muuzaji hufuta inayoonekana, lakini nyingine hubaki ndani ya boliti penye springi, katika mifuko ya masikio ambamo kitambaa hakifiki, na ndani ya chemba. Iliyobaki kwenye chemba ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu joto la risasi chache huigeuza kuwa ulimbo, ganda likashika na mkono wa boliti ukakataa kuinuka. Wenye Mosin-Nagant, bunduki ya Kirusi ya 1891, wanalijua tatizo hili vizuri. Wengi wao wamelaumu chuma, kumbe dawa ilikuwa mafuta ya taa na brashi ya shaba iliyozungushwa chembani mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kabla ya yote, bila shaka, bunduki ihakikishwe kuwa tupu, kwa jicho na kwa kidole chembani, na risasi zikae chumba kingine.

Ikiwa bado ni nzito baada ya usafi, uzito wenyewe una mahali unapotoka. Mauser ya 1898 hukokika wakati wa kufungua: anayeinua mkono wa boliti anainua pia nguvu ya springi ya pini. Lee-Enfield, bunduki ya Kiingereza iliyobebwa na askari wa King's African Rifles kwa miongo mingi, hukokika wakati wa kufunga, ndiyo maana mkono wake huinuka kwa wepesi na uzito hukutwa mbele. Jaribio ni rahisi. Pini na springi yake vinatolewa, boliti tupu inarudishwa na kuchezeshwa. Kama sasa inainuka bila shida, ugumu ulikuwa wa springi, na hakuna msasa utakaouondoa. Afadhali kuuzoea. Wako wanaokata koili ya springi ili mkono uwe mwepesi. Matokeo yake pini hupiga fataki kwa unyonge, na risasi hukataa kulia kulungu akiwa mbele.

Kama boliti tupu nayo inakwaruza, hapo ndipo panapostahili kazi ya mkono. Fundi mzuri haanzi kusugua mahali anapopadhania. Anapaka wino wa kalamu ya maka kwenye mwili wa boliti, kwenye reli inamopita na juu ya kibao kinachosukuma risasi magazini, kisha anaivuta na kuisukuma mara nyingi. Wino ukifutika, vyuma vinagusana, ukibaki, pasiguswe. Mara nyingi atagundua kwamba mkwaruzo wote unatoka kwenye kijipande kidogo cha reli chenye alama za mashine, kwa kuwa viwanda vya jeshi havikuwa na muda wa kuzing'arisha. Hapo hutumia jiwe laini lenye mafuta, au msasa namba 600 kisha 1000 uliofungwa kwenye kipande cha mti mgumu kilichonyooka, akisugua kwa kufuata mwendo wa boliti. Lengo ni kulainisha vichwa vya mikwaruzo tu. Mabonde yake yaachwe, kwani hayagusi kitu na huhifadhi mafuta. Mashine ya kuzunguka isikaribie kabisa. Kwa sekunde chache inachimba shimo lisilozibika.

Sasa kuhusu ile pesti ya vali. Ikipakwa kwenye boliti na boliti ikachezeshwa, haichagui pa kula. Inaingia nyuma ya masikio na ndani ya mifuko yake, mahali ambapo hapatakiwi kupungua hata unywele. Mwili wa Mauser za aina hii kwa kawaida ni chuma laini kiasi kilichopewa tabaka gumu juu, na tabaka hilo ni jembamba. Likiondoka, masikio huanza kujichimbia kidogokidogo kila risasi inapolia. Nafasi ya risasi kucheza chembani inaongezeka, mpaka siku ganda linapasuka na gesi ya moto inarudi nyuma. Vivyo hivyo kifyatulio na kidole kinachoshika pini iliyokokiwa. Pembe zake ndizo zinazozuia bunduki kujilia yenyewe ikigongwa, kwa hiyo jiwe lisifike hapo.

Afadhali kujua pia kwamba macho hayatoshi kuhukumu chuma. Arsenali ya Springfield huko Marekani ilikuwa na mafundi hodari, nao walikadiria joto la chuma cha bunduki ya 1903 kwa kutazama rangi yake motoni. Mwaka 1917 baadhi ya bunduki hizo zilipasuka. Uchunguzi ulionyesha kuwa mwanga wa mchana uliwadanganya: siku ya jua kali chuma kilionekana hakijaiva, kikachomwa kupita kiasi na kuwa chepesi kuvunjika kama gilasi. Vipimo vya joto vikaletwa, na hadi leo bunduki za Springfield zenye namba chini ya 800,000 huangaliwa kwa wasiwasi. Kwa nje zinang'aa sawa na nyingine.

Na kwa baridi ya Minnesota, grisi nene ni adui mwingine. Novemba inaganda, na boliti iliyokuwa laini sebuleni inakuwa nzito porini. Tone la mafuta mepesi nyuma ya masikio na kwenye mtelemko wa kukokia linatosha. Ndani ya boliti, pini na springi vikae karibu vikavu.

Huku kwetu kazi hii ni ya fundi mwenye leseni. Huko mwenye bunduki anaruhusiwa kuifungua mwenyewe, lakini ruhusa haina kipimo ndani yake. Hivyo kabla ya risasi ya kwanza kupigwa, bunduki ipelekwe kwa fundi wa silaha mwenye vipimo vya chemba, vile vipande viwili vya chuma vya risasi ya 8x57, kimoja kifupi na kimoja kirefu. Boliti inapaswa kufunga juu ya kifupi na kukataa kirefu. Fundi huyo aulizwe pia kama namba ya boliti inalingana na ya mwili, maana boliti nyingi zilichanganywa maghalani, na boliti ya Mauser ya kawaida ya 1898 haikai humo: mwili wa M48 ni mfupi kidogo. Kipimo kirefu kikikubali kufungwa, M48 hiyo itundikwe bila kupigwa, na kulungu wa mwaka huu atafutwe kwa bunduki ya kuazima.

Mjomba wako anasubiri picha za wino uliofutika, kabla jiwe halijagusa chuma.

Wako, mjomba
Tanga