Megabaiti 512

Asubuhi nne mfululizo niliamka nikakuta programu yangu imekufa. Nilikuwa nimeipanga ianze saa nane usiku, ikokotoe mvua ya kila mwezi kwa kila mkoa, ili msimamizi wangu wa tasnifu akifika ofisini akute majedwali. Hakukuta kitu. Logi ilieleza bila huruma: kumbukumbu imeisha, na Linux, ili kuinusuru seva, imechagua programu inayokula sana na kuiua. Mlaji alikuwa wa kwangu.

Seva yenyewe ni ya kukodi, RAM megabaiti 512. Nikampigia dada kumwomba hela ya kukodi kubwa zaidi. Dada anauza vitenge, na kodi ya fremu ilikuwa inamsubiri.

“Kwani inabeba nini kizito hivyo, mdogo wangu?”

Nikasema data.

“Data gani?”

Nikasema data nyingi. Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, na hilo ndilo jibu nililokuwa nalo. Hela akatuma.

Usiku huo, kabla sijaigusa, nikaanza kupima. Amri ya ps ilionyesha programu ikipanda hadi megabaiti 340 ndipo inaanguka. Nafasi iliyobaki ilishachukuliwa na mfumo na hifadhidata. Kisha tracemalloc, chombo kinachokuja na Python yenyewe, ikanipeleka moja kwa moja mahali ninaposoma faili. Nilikuwa nalimwaga faili lote kwenye orodha moja: vituo 40, miaka 41, karibu mistari 600,000. Neno “Kilimanjaro” lina herufi 11, lakini kwenye Python yangu, 3.10, linachukua baiti 60, na nilikuwa nalihifadhi upya kila linapotokea. Tarehe nazo vivyo hivyo. Hata vipimo vya mvua nilivitunza kama maneno, si namba. (Msimbo niliuandika mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumsingizia.)

Kurekebisha kulihitaji mistari sita tu. Soma mstari mmoja, ongeza mvua yake kwenye jumla ya mwezi, uache uende zake. Nikaiendesha macho yakiwa kwenye ps: 14, 15, 15, 15. Haikufika 16.

Saa kumi alfajiri nikamrudishia dada hela yake, pungufu ya makato. Akapiga kabla jua halijatoka.

“Umepata wapi seva?”

“Ni ile ile, dada.”

Akanyamaza kidogo, halafu akauliza kama nimekula.