Kutoka Dadamu Hadi Baharini: Safari Njema Hupangwa Nyumbani

Mtu akaaye Dadamu, kando ya mji wa Arua, ni jirani wa nchi mbili. Barabara ya lami yenye urefu wa kilometa 92 yaanzia Vurra kwenye mpaka wa Kongo, yapita Arua na Koboko, na kuishia Oraba kwenye mpaka wa Sudan Kusini. Twawaona madereva wakivuka kila siku, tukadhani kwamba kwenda nchi ya kigeni ni jambo la kuamka na kuwasha gari. Mimi nilidhani hivyo, na kosa hilo lilimgharimu mama yangu.

Mama mkubwa wangu, dada wa mama, aliolewa Mombasa zamani, na wawili hao hawajaonana kwa miaka mingi. Siku moja mwaka 2022 alituambia kwa simu: "Mdogo wangu, sauti yako naisikia, lakini macho yangu yanafifia. Nataka nikuone kabla hayajafunga." Mwezi wa Desemba niliazima gari la shemeji, nikampakia mama na kikapu chake, tukaondoka. Mpakani niliulizwa kadi ya gari. Nilikuwa na nakala tu, tena sikuwa na barua ya mwenye gari kuniruhusu kulitoa nchini. Maofisa walitimiza wajibu wao. Mzembe nilikuwa mimi. Tukageuza. Mama hakunilaumu hata kwa neno moja, na kimya chake kiliniuma kuliko matusi.

Sasa tunajiandaa upya, na yale niliyojifunza nayaweka mbele ya wasomaji, hasa askari na jamaa zao, ambao mara nyingi hupata likizo fupi na kutaka kuitumia kwa haraka.

Jambo la kwanza ni ruhusa. Askari, polisi na sisi watumishi wa serikali hatuna budi kupata ruhusa ya maandishi ya wakuu wetu kabla ya kwenda nje ya nchi. Iombwe mapema, kabla ya kuahidi tarehe kwa wazee.

La pili ni hati. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaweza kutembeleana kwa kitambulisho cha taifa. Atakaye kuendelea hadi Tanzania achukue pasipoti. Wanangu wawili tumewaombea pasipoti, ili pasiwe na mabishano njiani. Angalieni pia tarehe ya mwisho ya kila kitambulisho, na kwamba jina limeandikwa sawasawa katika hati zote. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwekwe pamoja nazo.

La tatu ni gari. Iwepo kadi ya asili. Na kama gari ni la mwingine, iwepo barua yake iliyotiwa sahihi. Bima ya nyumbani haitoshi: itakiwayo ni Kadi ya Njano ya COMESA, inayotambuliwa Kenya na hata Tanzania. Mpakani, watu wa forodha hutoa kibali cha muda cha kuingiza gari, nacho kina siku zake. Hati hizi zote mke wangu ameziweka katika bahasha moja, na bahasha hiyo yeye ndiye mlinzi wake.

Safari yenyewe ni kiasi cha kilometa 1,600, na mama hawezi kukaa garini mchana kutwa siku nne mfululizo. Kwa hiyo tumeigawa. Siku ya kwanza tutapita Nebbi, tuvuke Nile kwenye daraja la Pakwach, kisha Karuma, ambako nyani hukaa barabarani wakingoja chakula, tusiwape. Tutapita Luwero na Bombo, mji ujulikanao sana na askari wetu, na kulala Kampala. Siku ya pili tutavuka Nile tena pale Jinja, juu ya daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2018, tuingie Kenya kwa njia ya Malaba na kulala Eldoret. Siku ya tatu ni Timboroa, Nakuru na Nairobi. Timboroa ni mahali pa juu penye baridi kali, basi sweta za watoto na blanketi la mama visifungwe chini ya mizigo.

Nairobi tutapumzika siku nzima. Toka hapo gari litabaki kwa rafiki, nasi tutapanda treni ya reli mpya, iliyoanza kazi mwaka 2017, ipitayo Voi na mbuga ya Tsavo hadi Mombasa. Mgongo wa mzee utashukuru, na watoto huenda wakaona tembo.

Wale waendao upande wetu wa pili, Kongo au Sudan Kusini, wakumbuke kwamba huko magari hupita kulia, na kwamba saa za Aru na za Juba ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Dereva aliyechoka asivuke usiku. Huko Ulaya, tangu mwaka 1995, nchi za mapatano ya Schengen zimeondoa ukaguzi wa kawaida katika mipaka ya ndani, na familia yaweza kutoka Ufaransa, kupita Ubelgiji, hadi Ujerumani kwa gari, mara nyingi bila kusimamishwa. Sisi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyowapokea Sudan Kusini mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022, bado tunasimama na kuonyesha hati. Lakini tunayo mali moja ambayo Wazungu hao hawana: toka Arua hadi Mombasa, lugha moja ya Kiswahili yatosha kuomba maji, kuuliza njia na kujieleza kwa ofisa.

Fedha tumeziweka katika mafungu matatu: mafuta, malazi na chakula, na fungu la dharura ambalo haliguswi. Kikapu cha mama kimefungwa tena. Ndani yake mna asali ya kwetu na simsim iliyosagwa. Angara wakavu tutawanunua Pakwach. Juzi nilimkuta akikunja gauni lake jipya. Nikamwuliza kwa nini amechagua rangi ya manjano inayong'aa namna ile. Akanijibu: "Mwanangu, dada yangu haoni vizuri. Nataka anitambue kwa mbali."

Bahasha nimeikagua mara tatu. Leo jioni nitaikagua tena.