Ukiona Kimondo Garissa

Iwapo hujafika Garissa, panga safari. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 370 kutoka Nairobi, ukipitia Thika na Mwingi. Ukivuka daraja la Mto Tana, umeingia mjini.

Mchana jua ni kali. Usiku ndio raha. Pamoja na mwenyeji wako, tokeni mahali ambapo taa hazifiki, mtandike mkeka na kutazama juu. Nchi ni tambarare na migunga ni mifupi, kwa hivyo mbingu yote ni yenu. Ikweta nayo iko karibu, hivyo nyota za kaskazini na za kusini huonekana pamoja.

Katikati ya Desemba, hasa usiku wa tarehe 13 na 14, vimondo huwa vingi. Aghalabu ni mistari myembamba ya mwanga. Lakini mara mojamoja hutokea kimoja kinachong'aa kuliko Zuhura, kikamulika ardhi hata ukaona kivuli chako.

Usikimbie kukitafuta. Utadhani kimeanguka nyuma ya kichaka kile, ilhali mwanga wake kwa kawaida huzimika ukiwa bado kilomita 20 au zaidi juu yetu. Tazama saa, kumbuka upande, kisha tega sikio: ngurumo yake, ikiwapo, huweza kuchelewa kwa dakika kadhaa.

Nyakati nyingine jiwe hufika chini. Huko Thika ulikopita, mawe ya kimondo yalianguka Julai 16, 2011. Ng'ambo ya mpaka, nchini Somalia, karibu na mji wa El Ali, palikuwa na jiwe la chuma lenye uzito wa tani 15 hivi. Kwa vizazi kadhaa wafugaji walilinolea visu na kulitungia nyimbo. Mwaka 2022 wataalamu walitangaza kwamba kipande chake kidogo kilikuwa na madini yasiyopata kuonekana popote duniani katika maumbile. Lakini jiwe lenyewe lilikuwa limekwisha kuondolewa. Iliripotiwa kuwa liko Uchina likingoja mnunuzi.

Linganisha na kimondo cha Mbozi, Tanzania. Kingali pale pale, na wanafunzi huenda kukishika kwa mikono yao.

Basi ukiokota jiwe jeusi, zito kuliko ukubwa wake, usiliuze kwa mpita njia. Piga picha, andika mahali ulipolipata, umjulishe chifu na Makumbusho ya Taifa. Mtoto wa mfugaji wa Garissa naye ana haki ya kuona kilichoanguka kwao.