Kanukta kadogo

Kuna kanuni moja ya shuleni inaniudhi, wadau: "Kuzidisha kwa kumi, ongeza sifuri mwishoni." Kwa 47 inakubali. Mpwa wangu wa darasa la tano kaitumia kwenye 3.47, akapata 3.470, yaani namba ileile!

Nikamchorea vyumba: mamoja, sehemu za kumi, sehemu za mia. Kila tarakimu inahamia chumba kimoja kushoto: 34.7. Kwa kumi kipeo cha pili, vyumba viwili: 347.

"Sasa anko, kanukta kadogo hivi kana shida gani?"

Nikamwonyesha kichupa cha dawa ya mdogo wake. Mililita 2.5, nukta ikifutika, ni 25. Dozi mara kumi! Akaomba kifutio.

Sisi waandishi tusimcheke. Bilioni 1.05 ya bajeti ukiiandika 1.5, umewapa watu milioni 450 ambazo hazipo.